Sura ya Tano: Nani Aliifunga Poti 123?

Mfumo unapogoma katika ofisi yoyote ya Moshi, iwe ni dirisha la malipo la hospitali, chumba cha usajili cha chuo au kaunta ya kampuni inayopandisha watalii mlimani, washukiwa hutajwa kwa mpangilio uleule. Wa kwanza ni wadukuzi, wa pili umeme, wa tatu kampuni ya intaneti. Seva yenyewe hukaguliwa baadaye, na fayawoli iliyo mbele yake hukaguliwa mwisho kabisa, kwa kuwa hakuna anayetarajia kwamba chombo kilichowekwa kulinda ndicho kinachozuia. Mpangilio huo wa lawama ndio ninaotaka kuupindua katika sura hii. Katika mashine za ukoo wa Unix, yaani Linux pamoja na FreeBSD na OpenBSD, matatizo yanayochosha kuliko yote, yale yanayorudi kila baada ya miezi michache na kumla afisa TEHAMA siku nzima, mara nyingi yana mzizi katika kanuni iliyoandikwa kwa sababu nzuri. Sababu ikapita, kanuni ikabaki. Aliyeiandika akapata kazi Dodoma au Dar es Salaam, na aliyempokea hathubutu kuifuta kwa sababu hajui inazuia nini. Ninachodai ni kwamba kutunza sababu ya kila kanuni ndiyo sehemu kubwa ya usimamizi wa seva, kubwa kuliko kuzijua amri zenyewe.

Tuchukue mfano mmoja na tuutazame kwa karibu. Huu si mkasa wa ofisi fulani. Ni mnyororo wa visababishi ambao yeyote mwenye kompyuta tatu mezani anaweza kuujaribu. Umeme umekatika usiku, UPS imeshikilia kwa dakika zake kisha nayo imezima, na alfajiri umeme umerudi. Seva imewaka yenyewe, na ukiipigia ping inajibu. Hata hivyo programu yake inayochukua taarifa za malipo kutoka benki imegoma: inadai cheti cha usalama cha benki kina kasoro.  Mtu akianza kusoma logi atakuta mlolongo wa makosa ya TLS, na kwa kuwa neno usalama limeshatajwa, wazo litakalomjia kwanza ni shambulio. Amri fupi ya herufi nne, date, ingemwonyesha kitu kingine kabisa: seva inaamini kwamba tuko Januari 2015. Betri ndogo bapa ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, ile inayoendesha saa wakati umeme haupo, imekwisha. Umeme ukikatika, saa inarudi ilikoanzia. Na kwa mashine inayoishi mwaka 2015, cheti kilichotolewa mwaka huu bado hakijaanza kutumika.

Kusahihisha saa ni kazi ya dakika moja, na betri yenyewe inapatikana kwa fundi saa yeyote mjini. Swali lenye uzito ni kwa nini seva haikujisahihisha. Linux ya leo huja na programu ya kuulizia saa mtandaoni, kama chrony, ambayo huzungumza na seva za saa kwa UDP kupitia poti 123. Ukiendesha amri ya chronyc sources utaona kila chanzo kimewekewa alama ya kuuliza, na safu inayoonyesha kama kimewahi kufikika imesimama kwenye sifuri. Nenda sasa kwenye mashine ya langoni, ambayo nayo ni Linux yenye kadi mbili za mtandao, moja ikitazama ofisi na nyingine ikitazama intaneti. Washa tcpdump kwenye kadi ya ndani: maombi ya saa yanaingia, moja baada ya jingine, bila kuchoka. Iwashe kwenye kadi ya nje: hakuna kinachotoka. Pakiti zimefia katikati, na katikati hapo pana mistari mia moja na zaidi ya kanuni. Mmoja unasema, kwa lugha yake kavu, kwamba kila pakiti ya UDP inayogusa poti 123 itupwe. Mstari hauna maelezo, hauna tarehe, hauna jina la mtu.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aifunge poti ya saa? Jibu lipo, na halimdhalilishi aliyeifunga. Seva za saa za kizamani zilikuwa na amri ya uchunguzi iliyoitwa monlist. Uliiuliza seva swali dogo, nayo ikakurudishia orodha ya anwani hadi 600 zilizowasiliana nayo karibuni. Mhalifu akituma swali hilo huku akijifanya ni mtu mwingine, jibu lote kubwa humwangukia yule mwingine, na akilituma kwa maelfu ya seva kwa wakati mmoja huwa ameunda gharika. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 mbinu hii ilienea, na Februari 2014 shambulio dhidi ya mteja mmoja wa kampuni ya Cloudflare lilikaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Wasimamizi wa mitandao dunia nzima walihimizwa wahakikishe seva zao hazitumiki katika uhalifu huo. Tiba kamili ilikuwa kusasisha programu ya saa au kuizima monlist. Tiba ya haraka ilikuwa kufunga poti. Aliyeifunga kwa maswali yanayotoka nje kuja ndani alikuwa amefanya vyema. Aliyeifunga kwa pande zote mbili alikuwa amefanya vyema kupita kiasi, kwa kuwa alizinyima hata seva zake mwenyewe njia ya kuulizia saa. Wala hakuna aliyegundua, kwa sababu betri ilikuwa nzima. Kanuni ilisubiri miaka mingi mpaka betri ife.

Ubaya wa kanuni kongwe unaonekana vizuri zaidi ukijua jinsi fayawoli inavyosoma. Katika iptables, iliyoingia Linux na kerneli 2.4 mwaka 2001, pakiti hushuka kutoka kanuni ya kwanza kwenda ya mwisho, na ya kwanza kuiafiki na kutoa hukumu ndiyo inayomaliza shauri. Mkazi wa Marangu, Machame au Old Moshi hahitaji kuchorewa jambo hili, kwa kuwa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, hufanya kazi hivyohivyo: maji hushuka kutoka msituni yakipita kihamba (shamba la familia) baada ya kihamba, aliye juu hufungulia kwanza, na wa chini hupata kilichoachwa. Kihamba cha chini kikikauka, huanzi kuchimba pale. Unapanda kuufuata mfereji mpaka uone umezibwa wapi. Kwenye fayawoli, kanuni ya mstari wa 12 ikishaitupa pakiti, ile nzuri uliyoiongeza jana kwenye mstari wa 80 haitaiona kamwe, hata ukiiandika mara tatu. Na wapo wanaofanya hivyo. Ndiyo maana unakuta mafaili yenye ruhusa ileile imerudiwa sehemu nne, kila mrudio ukiwa kumbukumbu ya mtu aliyekata tamaa.

Mambo huwa magumu zaidi kwa aliyetoka kwenye BSD. Mfumo wa PF, ulioandikwa na Daniel Hartmeier na kutoka rasmi na OpenBSD 3.0 mwezi Desemba 2001, husoma kinyume: kanuni zote hupitiwa, na ya mwisho kuafiki ndiyo inayoshinda, isipokuwa iwe imewekewa neno quick. FreeBSD hubeba mifumo yote miwili. Ipfw yake inakata shauri kwenye kanuni ya kwanza, pf yake inasubiri ya mwisho. Hili si suala la mbali. Mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao wa Afrika iliyofika Dar es Salaam mwaka 2011, yalitumia FreeBSD kwa miaka mingi kufundishia usimamizi wa Unix, na wengi waliopita humo walirudi makazini kukuta Linux. Aidha, siku hizi si kanuni zote zinaandikwa na binadamu. Docker ikifungua poti ya kontena huingiza kanuni zake yenyewe, na poti hiyo huweza kufikika kutoka nje hata kama msimamizi ameifunga kwa ufw, zana rahisi ya kuandikia kanuni za fayawoli ya Linux, na ufw inamthibitishia kwamba imefungwa. Msimamizi hakudanganya, ameonyeshwa ukurasa mmoja wa daftari lenye waandishi wawili.

Kwa hiyo ushahidi hautafutwi kwenye faili la kanuni peke yake. Hutafutwa kwenye pakiti zenyewe. Tofauti ya kwanza ambayo msimamizi anapaswa kuizoea ni ile iliyopo kati ya kukataliwa na kunyamaziwa. Ukijaribu kuunganisha na seva ukapata jibu la papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, umepata habari njema: pakiti yako imefika, kuna aliye hai upande wa pili, na amekujibu. Huenda huduma ndiyo haijawashwa. Ukikaa unasubiri mpaka muda uishe, basi ama njia imepotea ama kuna kanuni inayotupa pakiti bila neno. Wapo wanaoshikilia kwamba kunyamaza ni salama zaidi kwa sababu kunamficha mwenye mashine. Kwa upande unaotazama intaneti sina ugomvi nao. Ndani ya ofisi, hata hivyo, kanuni inayokataa kwa sauti humpunguzia msimamizi saa nzima za kubahatisha, na mfanyakazi wa idara ya jirani si adui wa kufichwa.

Kunyamaza kubaya kuliko kote ni kule kwa ICMP. Wasimamizi wengi waliwahi kusikia kwamba ping ni dirisha la wadukuzi, wakaifunga familia nzima ya ICMP kwa mstari mmoja. Ndani ya familia hiyo kuna ujumbe mdogo ambao ruta humtumia mtumaji kumwambia kwamba pakiti yake ni kubwa kuliko njia inayoipokea. Laini za PPPoE, kwa mfano, hupitisha pakiti ya baiti 1,492, wakati mtandao wa ndani hutuma 1,500. Ujumbe ukifungwa, mtumaji hapunguzi ukubwa. Anarudia kutuma pakiti ileile ambayo kila mara inatupwa. Matokeo yake yanashangaza asiyeyajua. Ukurasa wa kuingilia unafunguka, kwa sababu ni mdogo. Orodha ya wagonjwa inafunguka nusu. Picha ya eksirei haifiki kabisa. Watumiaji wanasema mtandao unasumbua, kampuni ya intaneti inapima laini kwa pakiti ndogo na kukuta ni nzima, na kila upande uko sahihi. Hapa tena aliyeandika kanuni hakuwa mzembe. Alikuwa na sababu aliyoisikia mahali, na hakuiandika, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuipima baadaye.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu ambacho vitabu vya nje havikizungumzii. Mtumiaji akikuambia mfumo uligoma tangu saa mbili, anamaanisha saa mbili asubuhi. Logi ya seva iliyowekwa kwenye saa za dunia itaonyesha tukio hilo 05:00, na simu ya mkononi ya mtumaji taarifa inaonyesha 08:00. Taarifa hiyohiyo ikipelekwa kwa fundi wa kampuni ya programu aliye nje ya Afrika Mashariki, atatafuta kwenye logi saa nane za usiku wetu na kuapa kwamba hakuna kilichotokea. Suluhisho si kuwalazimisha watumiaji kubadili namna wanavyohesabu mchana wao. Msimamizi ndiye anayetafsiri, na anatafsiri mara moja tu, anapoandika tukio kwenye daftari lake: saa kwa mtindo wa tarakimu nne, na kanda ya saa pembeni. Kwa seva inayohudumia Tanzania peke yake mimi huona heri kanda ya Africa/Dar_es_Salaam. Nchi hii haisogezi saa mbele na nyuma kwa majira, kwa hiyo hakuna saa inayojirudia kwenye logi kama inavyotokea Ulaya.

Sasa pingamizi. La kwanza ni zito: wadukuzi wapo, na kuzungumzia kanuni zilizosahaulika ni kuwapa nafasi. Ni kweli wapo. Mashine yoyote yenye anwani ya wazi na poti 22 iliyofunguliwa itaanza kubishiwa hodi na programu zinazobahatisha nywila muda mfupi tu baada ya kuwashwa. Hakuna anayependekeza fayawoli iondolewe. Lakini tazama madhara yanaingilia wapi. Januari 2017 hazinadata za MongoDB kwa maelfu, duniani kote, zilifutwa na wenyewe kudaiwa fedha. Nyingi zilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila yoyote. Hakuna ukuta uliobomolewa. Kulikuwa na mlango ambao mwenyewe hakujua kuwa uko wazi, na hilo ni tatizo lilelile la sura hii likitazamwa kutoka upande wa pili: hakuna mahali palipoandikwa poti ipi imefunguliwa na kwa nini.

Mfano wa xz unafundisha zaidi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine zake za majaribio kwa ssh kunachelewa takriban nusu sekunde na kunatumia nguvu nyingi za prosesa. Akafuatilia. Tarehe 29 Machi alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data iliyomo karibu kila Linux, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Hakuna kanuni ya fayawoli ambayo ingeuzuia, kwa kuwa mgeni angeingia kupitia poti ileile ya ssh ambayo msimamizi ameifungua kwa hiari yake. Ulinzi uliofanya kazi ulikuwa wa mtu aliyejua kuingia kwa ssh kunachukua muda gani katika siku ya kawaida. Katika ofisi nyingi hakuna mtu anayeweza kujibu swali hilo kuhusu seva yake mwenyewe, na bila jibu hilo hata shambulio halisi halitambuliki.

Ukitaka kuona kanuni nzuri ikimwangusha mwenyewe kwa kiwango kikubwa, kumbuka jioni ya 4 Oktoba 2021. Tangu kabla ya saa moja jioni hadi baada ya saa sita usiku kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka. Biashara nyingi Afrika Mashariki zinazopokea oda kwa WhatsApp zililala mapema. Kwa maelezo ya Facebook, kampuni iliyozimiliki zote tatu, amri ya matengenezo iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani iliukata mtandao huo wote, na chombo kilichopaswa kuizuia amri hiyo kilikuwa na kasoro. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Seva zao za DNS zilikuwa na kanuni: ukishindwa kuviona vituo vya data, jiondoe kwenye ramani ya intaneti, kwa sababu huenda tatizo liko kwako. Kwa seva moja yenye ugonjwa, kanuni hiyo ni busara tupu. Siku ambayo vituo vyote vilipotea kwa pamoja, seva zote zilitii na kujiondoa zote. Miezi tisa baadaye, 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada ilionyesha kosa la upande wa pili. Katika kazi ya kuboresha mtandao, kichujio kimoja cha njia kiliondolewa, ruta za kiini zikafurikiwa na taarifa za njia nyingi kuliko zinavyoweza kubeba, na mamilioni ya wateja wakakosa simu na intaneti. Wale wa kwanza waliibakiza kanuni bila kuijaribu katika hali isiyotarajiwa. Wa pili waliiondoa bila kuona ilikuwa inazuia nini. Anayesema dawa ya kanuni kongwe ni kuzifuta zote na kuanza upya aisome habari ya Rogers kwanza.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwenye vikao vya bajeti: kwa nini tujisumbue na seva chini ya meza, wakati tunaweza kuhamishia kila kitu kwenye wingu? Kwa ofisi ndogo huenda huo ni uamuzi mzuri, nami sina mapenzi na seva zinazokaa stoo pamoja na mafagio. Betri ya CR2032 inakuwa shida ya mtu mwingine. Fayawoli, hata hivyo, haiondoki. Inabadilika sura, inakuwa orodha ya ruhusa kwenye ukurasa wa mtoa huduma, na orodha hiyo husahaulika kama ile ya kwanza. Tena njia ya kulifikia wingu ni ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikasuasua kwa siku kadhaa. Mfumo uliokuwa kwenye seva ya hapohapo mjini uliendelea kuwahudumia waliomo ndani ya jengo. Uliokuwa Ulaya ulitegemea meli ya matengenezo. Busara ni kugawa: kinachohitajika dirishani kila dakika kikae karibu, nakala rudufu zikae mbali.

Umbali una somo lake jingine, na Kilimanjaro inalitoa bila kificho. Agosti 2022 TTCL ilipandisha intaneti ya kasi mlimani, na Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, akaitangaza kutoka Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Chukulia kifaa chochote kilichoko huko, na chukulia msimamizi aliyeko mjini anayebadilisha kanuni zake kwa ssh. Akiandika kwanza kwamba kila kinachoingia kitupwe, akikusudia kuongeza ruhusa yake kwenye mstari unaofuata, hataufikia mstari unaofuata. Skrini itaganda. Kwa njia ya Marangu, wapandaji wa kawaida hulala Mandara na kufika Horombo siku ya pili. Hiyo ndiyo gharama ya mistari miwili kukosewa mpangilio. Zana za kuepuka hili zipo na ni za bure. Amri ya iptables-apply huweka kanuni mpya kisha hukuuliza kama bado unaweza kuunganisha na mashine. Usipojibu ndani ya sekunde 10, hurudisha za zamani. Ruta za MikroTik, zilizotapakaa katika miji yetu na ambazo ndani yake huendeshwa na kerneli ya Linux, zina hali ya usalama inayofuta mabadiliko yote iwapo muunganisho wa aliyeyafanya utakatika. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia, wakati ni suala la kubonyeza vitufe viwili.

Pingamizi la tatu ni la watendaji wenyewe, nalo ni la haki: afisa TEHAMA ni mmoja, ndiye anayebadilisha wino wa printa, ndiye anayewasha projekta kwenye mkutano, na sasa anaambiwa aandike historia ya kila kanuni. Hatuzungumzii kitabu, ni sentensi moja tu. Kanuni za nftables, mrithi wa iptables, zinakubali maelezo ndani ya mstari wenyewe, na iptables inayo moduli ya kazi hiyo. Maelezo hukaa na kanuni popote inapohamishiwa. Tarehe, jina la aliyeomba, sababu, na tarehe ya kuikagua tena: hayo yanaandikwa kwa dakika moja. Faili zima likiwekwa kwenye git, kila badiliko linabaki na mwandishi wake hata baada ya mwandishi kuondoka. Mji huu una wanachama wa ushirika ambao tangu KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ilipoundwa mwaka 1933 wamezoea kwamba azimio lisiloandikwa kwenye muhtasari halitambuliki, na una chuo kikuu cha ushirika kinachofundisha kutunza mihtasari hiyo. Ofisi inayodai risiti kwa kila lita ya dizeli ya jenereta haina sababu ya kuukubali mstari wa fayawoli usio na mwenyewe. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imewapa wanaotunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na siku mkaguzi akiuliza poti ya hazinadata ilifunguliwa kwa ajili ya nani, jibu la kwamba tuliikuta hivyo halitamfaa mtu.

Kuna hofu ya mwisho, kwamba maelezo hayo yakimfikia adui yatamchorea ramani. Adui aliyefika mahali pa kusoma faili la kanuni za mashine yako ameshapata mamlaka makubwa kuliko ramani yoyote, kwa kuwa ni msimamizi mkuu pekee anayepaswa kulisoma. Hatari kubwa iko kwenye ruhusa za muda: fundi wa kampuni ya programu anaomba afunguliwe njia kutoka anwani yake kwa siku tatu, anafunguliwa, na miaka minne baadaye anwani hiyo ni ya mtu mwingine kabisa na bado inapita. Kwa hili nftables ina jibu lisilotegemea kumbukumbu ya yeyote. Unaunda seti ya anwani zinazoruhusiwa, unamwingiza fundi humo ukiwa umempimia saa 72, na muda ukiisha kerneli inamtoa yenyewe. Kwa kuwa ingizo hilo liko kwenye kumbukumbu ya mashine na si kwenye faili, umeme ukikatika kabla ya siku tatu ruhusa nayo inatoweka, na fundi atalazimika kupiga simu na kueleza tena anataka kuingia kufanya nini.